Kila shambulio likitokea tunaambiwa "vyombo havikuwasiliana", halafu dawa inakuwa kusikiliza simu zetu. Nieleweshwe

#1 Mtazama Paa
Wakuu, heshima mbele. Kuna jambo limenikaa kooni siku nyingi.

Nchi ikipigwa shambulio la ndani, tume inaundwa, na ripoti ikitoka inasema yaleyale: taarifa zilikuwepo. Huyu alijua nusu, yule alijua nusu, hawakuambiana. Lakini kinachopelekwa bungeni siyo "ambianeni". Kinachopelekwa ni: tupeni rekodi za simu za kila mtu, tupeni siku zaidi za kumshikilia mtuhumiwa kabla ya mahakama, tangazeni hali ya hatari.

Chukueni Marekani, Septemba 11, 2001. CIA, majasusi wao wa nje, walikuwa na habari za Nawaf al-Hazmi na Khalid al-Mihdhar, wawili kati ya walioteka ndege siku ile, tangu Januari 2000. Majina hayo yaliingizwa kwenye orodha ya uangalizi Agosti 2001, maji yakiwa shingoni. Sheria ya Patriot, ya kuwaongezea wapelelezi nguvu, ikasainiwa Oktoba 26, siku 45 baada ya shambulio. Ripoti ya tume iliyochunguza nini kilienda kombo ilitoka Julai 2004. Yaani mgonjwa alimezeshwa dawa karibu miaka mitatu kabla majibu ya vipimo hayajatoka.

Ugonjwa ni kutoambiana, dawa ni kukusanya zaidi. Mantiki iko wapi? Nawasilisha.

#2 Kifaru Mpole
Siti ya mbele. Nimekuja na mto kabisa.

#3 Afande Mstaafu
Mleta uzi, hoja tamu lakini hicho kiti hujawahi kukikalia. Taarifa ya kijasusi ina mwenyewe. Nyuma ya mstari mmoja wa karatasi kuna binadamu anayerudi usiku kulala nyumba moja na watu anaowachongea. Ukimpa polisi, polisi atakamata. Akikamata, kesi inakwenda mahakamani, na wakili atasimama kuuliza: mlijuaje? Hapo ama umtaje mtu wako, ama kesi ife. Kwa hiyo unaikalia taarifa.

Na niwaambie kitu kingine. Katika utumishi wangu wote niliona watu wakiadhibiwa kwa kuvujisha. Aliyeadhibiwa kwa kunyamaza sikumwona hata mmoja. Sasa kijana aliyeajiriwa jana atajifunza nini?

#4 Karani wa Zamani
Afande kasema kweli bila kukusudia. Nilikaa masjala miaka tisa, ofisi siitaji. Tulikuwa na mihuri miwili, SIRI na KAWAIDA. Wa KAWAIDA ulikuwa unang'aa kama siku ulipotolewa kwenye boksi. Wa SIRI ulichakaa mpaka herufi ya kwanza ikakatika, nyaraka zikawa zinatoka zimeandikwa IRI. Ratiba ya kuosha tangi la maji ilipigwa IRI. Barua ya kuomba muhuri mpya nayo ilipigwa IRI.

Hakuna aliyekuwa analinda mtoa habari pale. Ukipiga SIRI kitu cha kawaida, hakuna atakayekuuliza. Ukipiga KAWAIDA kitu ambacho bosi angependa kiwe siri, umekwisha.

#5 Kifaru Mpole
IRI 😂😂 Huu uzi nao upigwe IRI haraka.

#6 Mama Zamu
Naomba nami niseme, mimi mtu wa chini. Nilipokea simu za dharura miaka sita. Usiku mmoja mama mmoja akapiga: watu wenye silaha wanavunja mlango wa jirani. Nyumba ilikuwa mpakani mwa maeneo ya vituo viwili. Nikapeleka kituo cha kwanza. Mwenzangu wa kiti cha pembeni akapata simu ya jirani mwingine, tukio lilelile, akapeleka kituo cha pili. Kituo cha kwanza wakaona kwenye kioo kwamba cha pili wamepewa, wakajua wenzao wanakwenda. Cha pili nao wakajua vivyo hivyo.

Dakika 40. Hakufa mtu, namshukuru Mungu. Ila yule mama aliendelea kunipigia. Mara ya nne hakuzungumza, aliinua tu simu nisikie.

Asubuhi nilitoa fomu yangu nikaiangalia. Ilikuwa na kisanduku kimeandikwa "Imetumwa kwa". Nilikuwa nimekitia tiki vizuri kabisa. Kisanduku cha "Imepokelewa na" hakikuwepo. Afande, hapo hakukuwa na siri ya kulinda wala mtoa habari wa kufichwa.

#7 Afande Mstaafu
Pole dada. Hilo sina jibu lake.

#8 Kifaru Mpole
Mama Zamu umenikumbusha Norwei, Julai 22, 2011. Bomu limelipuka Oslo, raia akawapigia polisi: kamwona mtu amevaa kofia ngumu, mkononi bastola, anaingia kwenye gari, na namba ya gari hii hapa. Namba ikaandikwa kwenye kikaratasi cha njano, kikaratasi kikakaa mezani kama dakika 20. Wakati huo jamaa yuko barabarani anakwenda kisiwani, akaenda kuua watu 77. Na polisi hawakuwa na helikopta.

#9 Ndimi Mbili
Rekebisha, mkuu. 77 ni jumla: 8 Oslo, 69 kisiwani Utøya. Na helikopta ilikuwepo, wahudumu wake ndio walikuwa likizo ya Julai. Halafu umesahau boti. Askari walijaa na mizigo yao kwenye boti moja ya mpira, injini ikazimika, wakachukuliwa na boti za raia.

Ila mfano wako unamsaidia mleta uzi. Tume iliyoongozwa na Alexandra Bech Gjørv ilitoa ripoti Agosti 2012, na kilio chake kikuu hakikuwa upungufu wa sheria. Ilisema nguvu zilikuwepo ila hazikukutana. Barabara iliyopita kando ya ofisi za serikali, alipoegesha gari la bomu, ilishapendekezwa ifungwe tangu 2004. Miaka saba hawajafunga barabara moja! Kwa hiyo ungewapa ruhusa ya kusikiliza simu za nchi nzima, kile kikaratasi kingekaa mezani palepale.

#10 Mtazama Paa
Ndimi Mbili umenitafunia, mimi nimeze tu.

#11 Wakili Mtoro
Subirini kwanza. Wote mnalia kutoambiana kama vile ni ajali. Kuta nyingine zilijengwa makusudi, na waliozijenga walikuwa na akili timamu.

Ujerumani wana kanuni ya kutenganisha polisi na idara za ujasusi. Haikutoka hewani, ilitoka kwenye kumbukumbu ya Gestapo, polisi wa siri wa Hitler: chombo kimoja kinachunguza, kinakamata na kinamaliza kazi. Aprili 2013 Mahakama yao ya Katiba ilipoikagua sheria ya hazina ya pamoja ya taarifa za ugaidi, iliiacha iendelee lakini ikasema baadhi ya vifungu vinavunja katiba, kwa sababu alichokipata jasusi bila masharti makali hakiwezi kuteleza tu mpaka mezani kwa polisi.

Marekani nao. FBI, wapelelezi wa shirikisho, waliendesha COINTELPRO, mpango wa siri wa kuvuruga makundi ya ndani, kuanzia 1956 mpaka 1971. Martin Luther King, mpigania haki za weusi, alisikilizwa mpaka vyumba vya hoteli, halafu akatumiwa barua isiyo na jina ya kumvunja moyo. Umma ulijuaje? Siyo kwa bunge. Raia walivunja ofisi ndogo ya FBI mjini Media, Pennsylvania, Machi 1971, wakabeba mafaili wakawapelekea waandishi. Kamati ya seneta Frank Church ikachimba mwaka 1975 na 1976, na 1978 ikatungwa sheria ya kumtaka jasusi apite kwa jaji kwanza kabla ya kumsikiliza mtu ndani ya nchi.

Kwa hiyo ukuta ule ni kovu, na kovu lina jeraha lake. Mimi kusema kweli natamani wasiambiane sana. Idara mbili zinazooneana wivu zimenilinda kuliko kifungu chochote cha katiba.

#12 Afande Mstaafu
Wakili, kawaambie hayo wafiwa wa huko huko Ujerumani kwako. Genge la NSU, Wanazi mamboleo, liliua watu 10 kati ya 2000 na 2007. Nchi ina idara 16 za usalama za majimbo na moja ya shirikisho, kila moja na watoa habari wake, na kila moja ikishikilia kipande chake. Genge lilikuja kujulikana Novemba 2011. Hizo ndizo kuta unazozisifia?

#13 Ndimi Mbili
Afande, NSU usiitumie hivyo, itakugeuka. Tisa kati ya waliouawa walikuwa wa asili ya Uturuki na Ugiriki, wa kumi askari wa kike. Polisi walifanya nini? Waliwashuku wafiwa. Walitafuta madawa na madeni ndani ya familia za marehemu, na kikosi cha uchunguzi wakakiita Bosporus, jina la mlango wa bahari wa Uturuki. Genge lilipofichuka, ofisa wa idara ya shirikisho akapitisha mafaili kwenye mashine ya kukata karatasi, mpaka mkuu wa idara, Heinz Fromm, akaachia ngazi 2012.

Ukuta haukumlazimisha mtu kumhoji mjane miaka. Walikuwa wanaangalia upande mmoja tu. Wangeunganishwa wote 17, wangekosea kwa pamoja.

#14 Jina Moja
Hapo kwenye kuangalia upande mmoja naomba niingie.

Jina langu linafanana na la mtu fulani aliyeko kwenye orodha fulani. Tarehe ya kuzaliwa pia, maana sisi tuliozaliwa bila cheti tuliandikiwa wote Januari 1. Kila nikivuka mpaka napelekwa chumba cha pembeni. Mara ya kwanza nilikaa muda wa saa nne, simu imechukuliwa, nikaulizwa majina ya watu wa msikitini kwetu. Mara ya pili saa mbili. Mara ya tatu nikamkuta ofisa yuleyule, akanikumbuka, akanivutia kiti mwenyewe.

Nikamuuliza: bosi, si unajua siyo mimi? Akasema najua. Basi nitoe kwenye orodha. Akasema, mimi naiona tu, walioiandika ni wengine. Nikaomba anipe anwani yao. Akacheka, na yeye hana.

Sasa nieleweni. Taarifa yangu ya uongo inasambaa vizuri sana, kila mpaka inanisubiri. Marekebisho ndiyo hayasambai. Kwa hiyo msiniambie vyombo haviwasiliani. Vinawasiliana, ila mlango unafunguka upande mmoja.

#15 Kifaru Mpole
Pole mkuu. Badili jina ujiite IRI, hawatakupata tena.

#16 Jina Moja
@Kifaru nikibadili jina ndiyo nitaonekana nina la kuficha 😅

#17 Fundi Mawimbi
Mnajaza falsafa. Tatizo ni redio! New York, Septemba 11 ileile, mnara wa kusini umeanguka, helikopta ya polisi inaona kwa juu kwamba wa kaskazini nao unakwenda, inatangaza kwenye redio za polisi. Zimamoto waliomo ndani wako kwenye redio zao, mtambo mwingine kabisa. Mnara wa pili ulianguka dakika 29 baada ya wa kwanza. Zimamoto 343 walikufa siku hiyo. Nunueni redio zinazoongea, mjadala uishe.

#18 Mama Zamu
Fundi, redio ni kweli lakini siyo zote. Manchester, Mei 22, 2017, bomu kwenye ukumbi wa muziki, watu 22 waliuawa. Zimamoto walifika eneo la tukio zaidi ya saa mbili baadaye. Vifaa walikuwa navyo. Kamanda wao alikuwa anampigia ofisa mmoja wa polisi aliyekuwa zamu ili aambiwe wakutane wapi, na simu haipatikani, kwa sababu ofisa huyo ndiye aliyekuwa anafanya kila kitu peke yake. Nilipoisoma habari hiyo niliweka simu pembeni kwanza. Namjua mtu huyo. Kila zamu ina mmoja.

#19 Nyuzi Saba
Kenya tunayo yetu. Jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, watu 67 waliuawa. Kikosi maalumu cha polisi kilikuwa tayari ndani, jeshi likaingia, na kamanda wa hicho kikosi cha polisi akauawa kwa risasi za upande wetu. Wakati huo magaidi wako hai.

Desemba 2014 ikaja sheria kubwa ya kurekebisha sheria za usalama. Kulikuwa na kifungu cha kuweka kikomo cha wakimbizi 150,000 nchi nzima, na kingine cha kumwadhibu mtu akichapisha picha za shambulio. Mahakama Kuu ikafuta vifungu vinane Februari 2015. Nauliza: picha gani iliyochapishwa ilimfanya mwanajeshi asijue polisi yuko ndani?

#20 Afande Mstaafu
Nyuzi, umetaja upande mmoja. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyokipa kituo cha taifa cha kukabiliana na ugaidi msingi wa kisheria, na kazi ya kituo hicho ni uratibu. Na hoteli ya Dusit, Nairobi, Januari 2019, watu 21 waliuawa, lakini kila aliyefuatilia aliona vikosi havikugongana kama Westgate. Sheria siyo zote za kuogopesha watu.

#21 Nyuzi Saba
Hiyo nakupa, Afande. Ila vile vifungu vinane vilifutwa na Dusit ikaenda vizuri bila hivyo. Au siyo?

#22 Afande Mstaafu
Hujui kingine kilichozuiwa kimyakimya. Wala mimi sitakuambia.

#23 Karani wa Zamani
Afande karudi kwenye muhuri wake.

#24 Wakili Mtoro
Mnasahau neno baya kuliko yote kwenye sheria hizi: "ya muda". Uingereza, mabomu ya Birmingham Novemba 21, 1974, watu 21 wakafa. Siku nane baadaye sheria ya kuzuia ugaidi ikawa tayari, ya muda. Ikahuishwa na kutungwa upya mpaka ilipokuja sheria ya kudumu mwaka 2000. Wanaume sita waliofungwa kwa mabomu yale hawakuwa wao, na walitoka 1991, baada ya miaka 16.

Ufaransa walitangaza hali ya hatari baada ya mashambulio ya Paris Novemba 2015, ikakaa mwaka mzima.

#25 Ndimi Mbili
Karibu miaka miwili, Wakili. Iliongezwa mara sita, ikaisha Novemba 1, 2017, na siku mbili kabla yake sheria mpya ikawa imeshazihamishia baadhi ya nguvu zake kwenye sheria za kawaida. Na wiki mbili tu baada ya Paris, wanaharakati 24 wa mazingira waliwekwa kizuizini majumbani mwao ili wasivuruge mkutano wa tabianchi. Ndugu zangu, wa mazingira!

#26 Wakili Mtoro
Nimepokea. Kosa langu limeipa hoja nguvu, sikutegemea.

#27 Fundi Mawimbi
Nimewahi kufunga mitambo ya kuhifadhi rekodi kwenye taasisi moja, na hapa naachana na redio kidogo. Kukusanya ni rahisi mno: unanunua diski. Kusoma ndiyo shughuli. Walikuwa na watu watatu wa kusoma, mmoja yuko masomoni. Mkuu wao aliomba diski akapata ndani ya mwezi. Alipoomba wasomaji wawili, akaambiwa bajeti ya ajira imefungwa.

Marekani baada ya Edward Snowden, aliyekuwa akifanya kazi kwenye ujasusi wao, kuanika mambo Juni 2013, bodi yao ya kusimamia faragha ilikagua ule mpango wa kukusanya rekodi za simu za nchi nzima. Ripoti ya Januari 2014 ikasema haikuona hata tukio moja ambapo mpango ule ulibadili kwa dhahiri matokeo ya uchunguzi wa ugaidi. Uingereza nako, kifungu cha kusimamisha na kupekua mtu bila sababu ya kumshuku kilitumika zaidi ya mara 100,000 ndani ya mwaka mmoja, 2009/10, na hakikuzaa hata mtu mmoja aliyekamatwa kwa ugaidi.

#28 Jina Moja
Kati ya hao laki moja namjua mmoja. Aliacha kabisa kuongea na polisi. Zamani ndiye aliyekuwa anawapigia akiona vurugu mtaani.

#29 Mtazama Paa
Jina Moja, hiyo yako nimeisoma mara mbili. Kumbe wanapoteza watu waliokuwa wanawaletea taarifa bure.

Nionavyo mimi, sheria ni rahisi. Waziri anasimama, kamera zipo, wiki mbili imepita. Kumwambia mkuu wa idara A kwamba kuanzia leo atapokea amri ya mkuu wa idara B, hilo halina kamera na lina maadui. Januari 6, 2021, bunge la Marekani linavamiwa, nguvu za kisheria zimejaa tele, na askari wa akiba wa jiji wakachukua zaidi ya saa tatu kufika tangu walipoombwa, kwa sababu hata meya hana amri juu yao.

#30 Kifaru Mpole
Na Marekani walishajaribu kuunganisha! 2003 wakazikusanya idara 22 kwenye wizara moja ya usalama wa ndani. Umeoa wake 22 kwa siku moja, halafu unataka amani sebuleni.

#31 Karani wa Zamani
Kwetu tuliundiwa kamati ya kuratibu. Baadaye ikaonekana kamati zimekuwa nyingi, ikaundwa ya kuziratibu kamati. Mwaliko wa kikao cha kwanza ulipigwa IRI, nusu ya wajumbe hawakuruhusiwa kuufungua.

#32 Afande Mstaafu
Cheka cheka. Mnataka mlindwe, mnataka msiangaliwe, na mkilipuliwa mnauliza mlikuwa wapi.

#33 Wakili Mtoro
Ndiyo, Afande. Vyote vitatu. Ndiyo maana kazi yenu ina mshahara.

#34 Fundi Mawimbi
Mama Zamu, kabla uzi haujafungwa: kile kisanduku cha "Imepokelewa na" waliwahi kukiongeza?

#35 Mama Zamu
Walikiongeza, mwanangu. Baada ya miezi mitano, fomu mpya, karatasi nzuri. Ila walikiweka kwenye fomu yetu, siyo ya kituo. Kwa hiyo tulikuwa tunakitia tiki wenyewe.